Kijani cha Ijumaa

Mererid Prosser hakuanza na watu.
Riwaya yake ya kwanza ina kurasa arubaini
kabla binadamu yeyote hajakohoa.
Ni mto tu, mto Teifi, magharibi mwa Welisi,
na mnyama mmoja jike anayechungulia
chini ya mizizi ya mwaloni,
masharubu yakidondoka maji.

Kwao humwita mbwa wa maji.
Kwa lugha hii niandikayo ni fisi maji,
jina la kusingiziwa, kama la mtoto
aliyezaliwa siku ya msiba.
Hana kicheko cha fisi, wala hali mizoga.
Hula mkunga kuanzia kichwani,
na kinyesi aachacho juu ya jiwe
(Mererid aliinama, akanusa, akaandika)
kinanukia nyasi kavu na asumini.

Mchapishaji wa Cardiff akarudisha mswada:
"Bibi, watu wako wapi?"
Akamjibu kwa kadi ya posta:
"Wamelala. Hadithi inaanza saa tisa usiku."

Aliandikia jikoni, migongoni mwa ankara
za kiwanda cha sufu, soksi tatu kila mguu,
Ifor mumewe akikoroma juu ya dari.
Alikama ng'ombe wa watu hadi miaka hamsini na miwili
na sentensi zake zilitoka vivyo hivyo:
fupi, kwa kuvutwa, zingali na joto.
Kondoo hakumpa hata mstari mmoja.
"Kondoo," alisema, "wana nchi nzima tayari."

Baba yake, Emrys, alikuwa mtia rangi,
mtu wa pipa na mwiko mrefu.
Kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi ya kucha.
Na rangi ikishamaliza kazi ilikwenda mtoni:
Jumanne mto ulipita mwekundu,
Alhamisi bluu ya shati la posta,
samaki wakielea matumbo juu.
Ndani ya kitabu, fisi maji aliogelea humo,
akarudi shimoni akanyonyesha wanawe wawili.
Mmoja akafa ukurasa wa mia na kumi.
Haikuandikwa nani kaua.
Bonde zima lilijua mwiko ni wa nani.

Kitabu kilipotoka alikipeleka mwenyewe,
akakiweka kando ya mkate,
akatoka nje kujifanya anapasua kuni.
Mzee alikisoma majira yote ya baridi,
kwa kidole, neno baada ya neno,
kidole kilekile chenye zambarau isiyotoka.
Mwezi wa tatu akafunga jalada, akavua miwani.
Binti alikuwa amesimama kwenye karo,
kitambaa cha vyombo amekisokota
kama shingo ya kuku.

"Umesahau kijani," mzee akasema.
"Ijumaa ilikuwa kijani."

Hakuna aliyelia. Walikunywa chai.
Chapa ya pili ina kijani, sentensi moja tu,
imechomekwa pale pale kabla ya kifo,
na sijui kwa nini ndiyo inayoniuma zaidi.

Baadaye akaandika vingine sita:
cha kunguru aliyezoea kengele ya shule,
cha kalunguyeye waliolala chini ya jukwaa la treni
hadi treni zenyewe zikafutwa.
Viwili havikununuliwa na mtu.
Kiwanda kilifungwa, Emrys akazikwa,
na mto ukachukua miaka kumi na tisa
kujisafisha koo.

Daftari la mwisho halina hadithi.
Saa kumi na moja. Ukungu. Hakuja.
Saa kumi na moja. Mvua ya mawe. Hakuja.
Hivyo hivyo, kurasa na kurasa,
mwanamke wa miaka themanini na mmoja
na kigoda cha kukamia ng'ombe ukingoni.
Kisha ukurasa mmoja ulioloa pembeni,
mwandiko umepinda
kama wa mtu aandikaye amesimama majini:

Amekuja. Kanitazama
kama mtu niliyemkatiza maneno.